Kipepeo homerus wa Jamaika amebaki pembe mbili tu za kisiwa. Huko katikati kamalizwa na nini?

#1 Jani_Bichi
Wakuu, salaam. Papilio homerus ni kipepeo wa Jamaika, na nje ya Jamaika hayupo popote. Mabawa yakitandazwa hufika sm 15 hivi: meusi, mkanda mpana wa njano, madoa ya buluu kwenye mabawa ya nyuma, na mikia miwili iliyopanuka kama vijiko. Zamani alionekana katika parokia saba (ndivyo wanavyoziita wilaya zao). Leo amebaki sehemu mbili. Mashariki, pale Milima ya Blue inapokutana na ya John Crow, na magharibi, Cockpit Country. Mount Diablo, katikati ya kisiwa, alikuwepo. Sasa hayupo.

Jibu linalotolewa kila mara ni "misitu imekatwa". Kwangu hilo ni jibu la uvivu, maana misitu imekatwa hata huko alikobaki. Dai langu: anakabwa kwenye yai. Nyigu wanamaliza mayai kabla hayajaanguliwa, na shoka linamfungulia nyigu njia tu. Nipingeni.

#2 Kinyonga77
Huyu si ndiye kipepeo mkubwa kuliko wote duniani?

#3 Mtu_wa_Goma
Hapana ndugu. Mkubwa wa dunia ni Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea, jike lake linapita sm 25. Ndani ya jenasi Papilio anayeongoza ni antimachus, huyu wa misitu yetu ya Kongo na magharibi mwa Uganda. Homerus ni wa pili. Kwa Amerika yote, hapo sawa, hakuna anayemfikia.

Na alexandrae naye ni wa kisiwa kimoja, ila kisiwa chenyewe ni New Guinea. Jamaika ina urefu wa km 235 tu. Usiwapime kwa mizani moja.

#4 Dokta_Nyigu
Jani_Bichi umegusa penyewe. Nyigu anayetajwa ni wa jenasi Chrysonotomyia, familia ya Eulophidae. Utafiti wa Garraway na Bailey uliochapishwa 1992 ulimtaja kuwa chanzo kikubwa cha vifo vya mayai ya homerus. Hamchomi mtu na wala hajengi kiota darini. Ukimwona utadhani ni chembe ya pilipili manga inayotembea. Anatoboa ganda la yai, anataga ndani, watoto wake wanakula kilichomo.

Kwa wanaotaka kujua yai limekufa kwa nini, chukueni lenzi ya mkononi ya mara 10 na mwangalie haya:

Yai zima la Papilio likikaribia kuanguliwa huonyesha kichwa cheusi cha kiwavi kupitia ganda, doa moja upande mmoja. Lililovamiwa hugeuka jeusi au kijivu lote, bila doa. Baada ya kuanguliwa, kiwavi hula ganda lake, kwa hiyo unakuta kipande tu kimegandia jani au hukuti kitu. Nyigu hali ganda. Anatoka kwa tundu dogo la mviringo, ganda linabaki limesimama kama kikombe kilichotobolewa. Yai lililobonyea na kukunjamana bila tundu ni la ukavu au halikurutubishwa. Lenye manyoya meupe ni la ukungu, lakini hapo uwe mwangalifu: mara nyingi ukungu huja baada ya kifo, hausababishi.

Wengi wanahesabu "mayai yaliyopotea" na kumbambikia nyigu yote. Yai lililopotea linaweza kuwa limeliwa na sisimizi, limeoshwa na mvua, au limeanguliwa salama na ganda likaliwa. Ukichanganya hayo, asilimia yako haina maana.

#5 Mfugaviwavi
Nakubaliana na #4 kwa namna ya kusoma yai, sikubaliani na hukumu. Kila Papilio ana nyigu wake wa mayai. Demodocus, yule wa kwenye michungwa, anashambuliwa hivyohivyo na amejaa kila shamba la Muheza. Nyigu angekuwa anamaliza spishi, demodocus angekuwa hadithi.

Tofauti iko kwenye mwendo. Demodocus pwani anatoka yai hadi kipepeo kwa wiki tano au sita. Homerus anachukua kama wiki kumi na mbili. Mara mbili ya muda wa kuwa chakula cha wengine: nyigu wa mayai, buibui, mijusi, ndege, na nyigu wa viwavi. Kiwavi mchanga amevaa rangi ya kinyesi cha ndege, akikua anakuwa kijani mwenye madoa kama macho, na ukimgusa anachomoa pembe laini yenye harufu kali nyuma ya kichwa. Rangi na madoa ni silaha dhidi ya anayewinda kwa macho. Kwa sisimizi na nyigu anayenusa, rangi haisaidii sana.

#6 Kinyonga77
Na akiingia kwenye kifukofuko si anakuwa salama?

#7 Mfugaviwavi
Vipepeo hawa hawana kifukofuko mkuu. Kifukofuko ni cha nondo, kama wale wa hariri. Kiwavi wa Papilio anagandisha mkia kwenye kijiti kwa uzi, anajifunga mshipi mwingine kiunoni, anavua ngozi na kubaki pupa uchi anayefanana na kipande cha gome. Pupa wa kipepeo, si pupa ya mlafi.

Mshipi ukikatika pupa anabaki amening'inia kwa mkia, na kipepeo akitoka mabawa yanakunjamana kwa kukosa mahali pa kushika. Wafugaji humrudisha kwa uzi laini wa kushonea, au humweka kwenye mfuko mdogo wa karatasi ulioviringishwa, kichwa juu, ukiwa na ukuta wa kupanda.

#8 Bibi_Kitalu
Mbona hakuna aliyetaja mti? Homerus anakula Hernandia peke yake. Mashariki ni H. catalpifolia, magharibi ni H. jamaicensis, na yote miwili ni ya Jamaika tu. Kipepeo wa kisiwa kimoja juu ya miti ya kisiwa kimoja! Ukikata mti mmoja mkubwa bondeni umeondoa jiko la kizazi kizima, na mche unaochipua chini ya mibuni unang'olewa kama magugu.

Halafu kuna jambo la misonobari. Milima ile ilipandwa Pinus caribaea kwa ajili ya mbao. Kwenye ramani panasomeka "msitu", kijani kibichi kabisa. Kwa homerus ni jangwa. Jani_Bichi, unaposema misitu imekatwa kote, uliza imepandwa nini badala yake.

#9 Jani_Bichi
Bibi shikamoo. Hoja ya misonobari naipokea. Ila wanaomtafuta husema mti unapatikana mahali pengi kuliko kipepeo. Mti upo, mlaji hayupo. Hapo ndipo nasema kuna kitu zaidi ya mti.

#10 Bibi_Kitalu
Marahaba. Mti upo mmoja mmoja, baba. Jike halitagi kwa sababu mti upo, linataga penye jani la umri unaofaa na jua kidogo na unyevu. Mti mmoja mkavu pembezoni mwa barabara ni mti kwenye orodha ya mtu wa mimea tu.

#11 Hesabu_Tupu
Kabla hamjafika mbali: mnajuaje wako wangapi? Makadirio yaliyochapishwa 2008 kwa Cockpit Country yalitoa chini ya 50 wazima wanaoruka. Namba hiyo inatoka kwa kukamata, kutia alama, kuachia na kukamata tena. Utaratibu wenyewe:

Unamnasa kwa wavu mpana wenye mpini mrefu, unamshika kwa kifua mabawa yakiwa yamefungwa, unaandika namba upande wa chini wa bawa la nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika, unamweka kwenye jani kivulini. Usimrushe hewani. Baada ya siku chache unarudi. Tuseme mara ya kwanza umetia alama 20, mara ya pili umekamata 15, kati yao 5 wana alama. Hesabu ya kawaida: 20 × 15 ÷ 5 = 60. Kwa idadi ndogo inazidisha, kwa hiyo tunatumia ya Chapman: (21 × 16 ÷ 6) − 1 = 55.

Sasa angalia makosa. Madume hupiga doria njia zilezile za wazi na kingo za mito, majike yako juu kwenye majani. Ukikamata njiani unapata madume walewale, alama zinarudi nyingi, namba inashuka kuliko ukweli. Alama ikifutika au kipepeo mwenye alama akifa katikati, namba inapanda. Na wale waliohama bonde unawahesabu kama waliokufa. Namba kama hiyo haisemi "wako 50". Inasema ni wachache mno kiasi kwamba kosa la watu watano ni kosa kubwa.

#12 Kinyonga77
"Watu watano" 😂 vipepeo wamepata uraia.

#13 Hesabu_Tupu
Vidole hivyo. Vipepeo watano.

#14 Mtaita_Asilia
Kwetu Taita tunaye Papilio desmondi teita, hayupo pengine. Kisiwa chake ni vilima vyenye ukungu vilivyozungukwa na nyika kavu ya Tsavo, na nyika kwa kipepeo wa msitu ni bahari tu. Vipande vya msitu vilivyobaki ni vidogo, baadhi unavizunguka kwa miguu asubuhi moja. Kinachoua pale ni umbali kati ya kipande na kipande: kikundi cha huku kikianguka mwaka mbaya, hakuna wa kutoka kule kuja kujaza. Nadhani Mount Diablo ilikwenda hivyo. Hakuhitajika nyigu wala shoka la mwisho. Ilihitajika miaka miwili mibaya mfululizo na hakuna jirani.

#15 Mngazidja
Nami niweke wangu: Graphium levassori, kipepeo wa kisiwa cha Ngazidja, Komoro, peke yake, misitu ya Karthala. Maore hayupo, Nzwani hayupo, Mwali hayupo. Hoja ya #14 inamhusu sana, kwa sababu msitu ule ni pete kuzunguka mlima wa moto. Chini wanapanda migomba, juu kuna lava. Hana pa kukimbilia juu wala chini.

#16 Dokta_Nyigu
Mtaita, hoja yako ni nzuri na haipingani na yangu. "Mwaka mbaya" wa kipepeo una jina. Unaweza kuwa mwaka ambao nyigu wamezidi.

#17 Mtaita_Asilia
Au mwaka wa kimbunga. Gilbert ya Septemba 1988 ilipita Jamaika kutoka mashariki hadi magharibi, juu ya sehemu zote mbili kwa siku moja. Na Melissa ya 28 Oktoba 2025 ilitua magharibi ikiwa daraja la tano. Mti uliokatwa matawi hutoa machipukizi mengi laini, sawa, lakini miezi ya kwanza hakuna kivuli, hakuna unyevu, na viwavi waliokuwepo wamekwenda na majani.

#18 Mfugaviwavi
Unyevu, naam. Hili mmelipita haraka. John Crow hupata mvua ya zaidi ya mm 5,000 kwa mwaka mahali pengine. Vizimbani tatizo la kwanza la mayai ya vipepeo wa misitu minyevu si mdudu, ni hewa kavu: ganda linakuwa gumu, kiwavi anatoboa nusu na kufia mlangoni. Fungua msitu kwa kahawa, jua linafika sakafuni, upepo unapita, yai linakauka. Nyigu anakuja kuokota mabaki.

#19 Hesabu_Tupu
Ingekuwa unyevu tu, Cockpit angekuwa ametoweka zamani. Kule ni mawe ya chokaa, vilima kama mayai yaliyopangwa kwenye trei, maji ya mvua yanazama ardhini na mito haionekani juu. Mvua yenyewe ni pungufu kuliko John Crow. Na bado yupo.

#20 Mfugaviwavi
Yupo kwenye mashimo kati ya vilima, mkuu, wala si kwenye vilele. Shimo linashika ukungu na kivuli hadi jua linapopanda. Wewe unapima mvua, yai linapima hewa ya sm 2 juu ya jani.

#21 Mtu_wa_Goma
Swali la kibiashara. Gede wana mradi wa Kipepeo tangu 1993, Amani wanao wa kwao, Zanzibar kuna pale Pete karibu na Jozani. Wakulima wanauza pupa na msitu unabaki. Kwa nini Jamaika wasifuge homerus namna hiyo?

#22 Jani_Bichi
Haiwezekani. Yuko Kiambatisho cha I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini), biashara ni marufuku kabisa. Na sheria yao ya wanyamapori inamlinda tangu 1988.

#23 Bibi_Kitalu
Si kabisa. Kiambatisho cha I kinazuia biashara ya waliotoka porini. Mnyama aliyezalishwa kizimbani anaweza kuuzwa kwa masharti ya Kiambatisho cha II, ikiwa kituo kimesajiliwa na sekretarieti ya CITES, na kituo chenyewe kinaonyesha kwamba kinaweza kufikisha kizazi cha pili mle mle ndani bila kuchota porini kila msimu. Mlango upo, ila ni mwembamba. Na sheria za nchi zinaweza kuufunga hata hivyo: Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai 2016, pupa wa Amani walikwama pamoja na kobe na vinyonga, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Kiambatisho cha I.

#24 Mfugaviwavi
Tuseme sheria imeruhusu. Ugumu uko kwenye kujamiiana. Papilio wakubwa wanataka anga, kwenye kizimba cha mita 3 wanajigonga darini hadi mabawa yanachanika. Njia ni kuwaunganisha kwa mkono:

Dume awe na siku mbili tatu tangu atoke, amekula maji ya sukari (sehemu 1 ya sukari kwa 10 za maji, pamba iliyolowa, mrija wake unaukunjua kwa sindano). Jike la siku moja au mbili. Mshike kila mmoja kwa kifua, mabawa yamekunjwa mgongoni. Minya tumbo la dume taratibu kwa pande mpaka vishikizo vya mwishoni vifunguke. Gusanisha ncha na ncha, kwa pembe kidogo, tumbo kwa tumbo. Akishika utamsikia kwenye vidole, kama klipu ndogo. Tundika jike kwenye neti, dume aning'inie chini, ondoka. Usiwatenganishe. Wanaweza kukaa dakika 40 au saa kadhaa.

Panapoharibika: kuminya sana kunapasua dume, jike lililotoka asubuhi hiyo bado laini halikubali, na joto la mchana linawafanya wapapatike. Kisha jike liwekwe na tawi la mti wake kwenye mwanga. Bila mwanga linakufa na mayai tumboni.

Na hayo ni kwa spishi za kawaida, unazoweza kuharibu kumi ukajifunza. Homerus unaharibu wangapi?

#25 Jani_Bichi
Basi tusifuge. Tulinde mayai huko huko porini: soksi ya chandarua juu ya tawi lenye yai, nyigu hapiti. Rahisi.

#26 Dokta_Nyigu
Chandarua cha kitandani kinazuia mbu. Nyigu huyu anapita kwenye tundu lake na mzigo mgongoni. Unahitaji kitambaa cha shela, organza ile ya bibi harusi. Funga ncha zote mbili kwa kamba juu ya pamba, maana gome lina mikunjo na sisimizi wanaingilia hapo. Na kagua jani zima kabla ya kufunga. Ukimfungia buibui ndani umemwandalia karamu.

#27 Bibi_Kitalu
Shela inashika maji. Msitu wa mvua ya kila siku, kinyesi cha viwavi kimelala chini ya soksi, siku ya nne una ukungu na siku ya sita viwavi wanahara maji ya kijani. Huo ni ugonjwa, na ukiingia unafuta soksi nzima. Weka soksi kwa siku za yai tu, kiwavi akianguliwa fungua. Au acha shimo chini lenye zipu, utikise kinyesi kila siku mbili.

#28 Hesabu_Tupu
Na ukifungua, ndege wanamla kiwavi, umehamisha kifo kutoka wiki ya kwanza hadi ya tano. Jike likitaga mayai 100 katika maisha yake, wanahitajika 2 tu kufika utu uzima ili idadi isishuke. Kuokoa mayai 50 hakubadilishi kitu kama mti una majani ya viwavi 10, hasa kwa kuwa kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake chote katika hatua ya mwisho kabla ya pupa. Hesabuni majani kwanza.

#29 Bibi_Kitalu
Haya, mtoto wa hesabu kaja kwenye mti mwenyewe. Nilisema tangu #8.

#30 Mngazidja
Kwani maeneo hayo hayajahifadhiwa? Nauliza tu.

#31 Mtu_wa_Goma
Yamehifadhiwa. Hifadhi ya Taifa ya Blue na John Crow ni ya 1993, UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2015. Cockpit mipaka ilitangazwa 2017, na ndani yake uchimbaji wa boksiti umezuiwa. Ugomvi uliobaki ni wa nje ya mstari. Kipepeo hasomi ramani, na bonde la mto Rio Grande, kule mashariki, lina mashamba ya watu.

#32 Jani_Bichi
Nirudi kwenye nyigu, sijakata tamaa. Kama ukingo wa msitu ndio unampa nyigu njia, kipimo ni rahisi. Miti kumi ya Hernandia ukingoni, kumi ndani, mayai yasomwe kwa utaratibu wa #4. Matundu yakiwa mengi ukingoni, nimeshinda. Yakilingana, Mfugaviwavi kashinda na unyevu wake.

#33 Mfugaviwavi
Yakilingana sijashinda bado, maana ukingo ndio mkavu pia. Utahitaji kipima unyevu kwenye kila mti, na uhesabu yaliyokunjamana kando ya yaliyotobolewa.

#34 Kinyonga77
Na nani anapanda miti ishirini kusoma mayai? Hernandia si mchicha.

#35 Dokta_Nyigu
Ngazi ya mita 6, lenzi, na kioo kidogo kwenye fimbo kwa majani ya nyuma. Yaliyo juu ya hapo yaache, ukingoni na ndani vilevile, ili kosa liwe lilelile pande zote. Pita kila siku tatu. Ukipita kwa wiki, ganda la aliyeanguliwa salama limeshaliwa na utaandika "limepotea".